Fanyeni Kama Hatupo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa mwili na wa roho, na kwamba lile goti la kushoto ulilolilalamikia katika barua yako ya mwisho sasa linakunjika na kukunjuka bila kukutoa machozi. Ulisema ngazi za nyumba ya waajiri wako ndizo zinazolimaliza. Waambie wakupe chumba cha chini. Umewapikia miaka kumi na moja; mtu aliyeshibishwa miaka kumi na moja hawezi kushindwa kulihurumia goti moja.

Sisi huku hatujambo kabisa. Mimi ni mzima, na kitinda mimba wako ni mzima kupita kiasi. Amenipita kimo kwa vidole vinne, anakula kama aliyetoka kulima, na mwaka huu anamaliza shule. Walimu wake wanasema hesabu anaziweza, kinachowashinda wao ni mdomo wake. Sijui ameurithi kwa nani, maana mimi na wewe tunajulikana kwa upole.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Pacha, amenisimamia hapa mpaka niandike salamu zake mwanzoni. Anasema salamu za mwishoni watu huzisoma wakiwa wameshachoka. Basi zimekufikia ukiwa bado una nguvu. Wale pacha wake uliowaacha tumboni sasa ni wanafunzi, na wanagombana kwa sauti moja.

Najua unene wa bahasha umekushangaza. Nimekuzoesha ukurasa mmoja: tuko salama, tumepokea, asante, mwanao. Leo nina habari ndefu, na mwisho wake ni mzito kwangu kuuandika. Ningeweza kukupigia ile simu ya nyumba ya waajiri wako, lakini wewe simu huipokea umesimama, mkono mmoja kwenye mwiko, na jambo hili si la kusikilizwa umesimama. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Keti kwanza. Halafu usome mpaka chini kabla hujanikasirikia.

Mwaka jana, mvua zilipokaribia kwisha, mtaani kwetu walikuja watu wa filamu. Walikuwa watatu. Mwongozaji ni mwanamke wa makamo, siku hiyo amevaa viatu vya mpira vya kufika magotini, kana kwamba ameambiwa tunaishi ndani ya bwawa. Mpigapicha ni bonge la mtu asiyesema. Wa tatu ni binti aliyebeba mti mrefu wenye kitu cha manyoya kwenye ncha, watoto wakadhani ni paka, kumbe ni chombo cha kunasia sauti.

Kiongozi wa mtaa alituita uwanja wa shule tukawasikilize. Mwongozaji alieleza kwamba anataka kutengeneza filamu ya hali halisi, yaani si ya kuigiza, ionyeshe jinsi watu wa mtaa kama wetu wanavyoishi. Sharubu, yule muuza mkaa, akanyanyuka akauliza kama yeye ni mmoja wa wale waliokuja miaka miwili nyuma, wakapiga picha ya mtaro na ya mbuzi, wakaenda zao. Alisema mwenye mbuzi mpaka leo hajaiona picha, na mbuzi mwenyewe ameshaliwa. Mwongozaji hakukasirika. Alisema yeye atakaa nasi miezi mitatu, asiyetaka kupigwa picha hatapigwa, na filamu ikikamilika tutakuwa wa kwanza kuitazama, hapohapo shuleni. Sharubu akaketi. Akasema ataamini akiona, lakini kwa sasa amekubali kuona.

Kila kamera ilipowashwa, yule mama alituambia, “Fanyeni kama hatupo.” Sasa mtu utafanyaje kama hayupo mgeni aliyeziba mlango wako na taa kali kama jua la saa sita? Siku ya pili tu watoto wakampa jina, Bi Hatupo. Ukipita njiani utamsikia mmoja akiuliza kama Bi Hatupo yupo, na mwenzake akijibu kwamba yupo, yuko kwa kinyozi. Mwenyewe alipolisikia jina lake alicheka mpaka akashika mbavu, na kuanzia hapo nikaanza kumpenda.

Muda mwingi walikaa kwenye kibanda changu. Hicho unakijua kwa barua tu, hukuwahi kukiona, basi nikueleze. Kiko pale njia ya bombani inapokutana na njia ya shule. Kina paa la bati, benchi moja, jiko la mkaa na visu vyangu vitatu. Dumu likipasuka, huletwa kwangu. Natia kisu motoni mpaka kiwake, nakata utepe wa plastiki ya rangi ileile, naulaza juu ya ufa, kisha napitisha kisu polepole mpaka utepe na dumu viyeyuke viwe kitu kimoja. Halafu nalijaza maji, nalipindua, nasubiri. Likitoa hata tone moja narudia bure. Wananiita Daktari wa Madumu, na nyongeza ya ndoo, mabeseni na viti vilivyovunjika miguu. Kwa kuwa hakuna nyumba isiyochota maji, na hakuna dumu linaloishi milele, mtaa mzima hupita mbele yangu. Bi Hatupo aliliona hilo siku ya kwanza. Akaniambia kibanda changu ni dirisha. Nikamwambia ni kibanda, lakini akitaka kuchungulia karibu.

Mama, yule mwanamke ana moyo mzuri, lakini alikuja na mtaa wake kichwani, na mtaa huo haukuwa huu. Siku moja alitaka kuwapiga picha pacha wakienda shule. Akamwomba Mama Pacha wavue viatu, akieleza kwamba njia ya matope na miguu mitupu hupendeza pamoja kwenye picha. Mama Pacha alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ile mipira yake ya magotini, akamwambia, “Vua vyako kwanza.” Pacha wakapita na viatu vyao, vimepakwa rangi vinang'aa, na ndivyo walivyo kwenye filamu. Sharubu naye alipoambiwa ni zamu yake, alitokea amevaa koti na tai, akaketi juu ya gunia la mkaa kama waziri. Akaombwa avae nguo zake za kila siku. Akasema zile ni nguo za mkaa, hizi ndizo nguo zake. Walibishana asubuhi nzima, mwisho wakampiga picha na zote mbili.

Mimi niligombana naye juu ya mtaro. Kila nikigeuka, kamera iko mtaroni. Mtaro asubuhi, mtaro mchana, mtaro na kuku, mtaro bila kuku. Nikamwita kibandani, nikampa kiti kilichopona jana yake, nikamwambia kwa heshima zote kwamba mtaro si uongo, upo na unanuka, wala hatumwombi auchuje uwe mto. Lakini kila Jumamosi asubuhi tunashuka humo wenyewe na makoleo tukauzibua, na kamera inayoona uchafu isiyoona koleo basi ina chongo. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Jumamosi akaja. Mpigapicha aliposhuka mtaroni mpaka magotini, Sharubu alimrushia koleo, akasema huku chini hakuna mtazamaji. Walifuatana nasi Jumamosi saba mfululizo, na kufikia ile ya tatu Bi Hatupo mwenyewe alikuwa anabeba tope kwa karai, viatu vyake vya mpira hatimaye vimepata kazi.

Nakueleza haya ujue kwamba mwanao si mtu wa kuburutwa. Siogopi kamera, siogopi msomi, na neno langu lina uzito mtaani. Ndiyo maana hili linalofuata linaniuma zaidi, kwa sababu nililifanya bila kulazimishwa na mtu.

Karibu na mwisho wa ile miezi mitatu, Bi Hatupo aliomba kuzungumza nami chumbani kwetu, sisi wawili na kamera. Tuliketi muda mrefu. Wiki chache baadaye wakafungasha vyombo vyao, tukaagana kwa kukumbatiana, wakaenda kuikata na kuiunga filamu yao. Miezi minne ikapita. Nilikuwa nimeanza kusahau.

Halafu alasiri moja nilikuwa kibandani, kisu cha moto mkononi, nikamwona kitinda mimba wako anakuja mbio kutoka upande wa kinyozi, pale penye televisheni inayowaka kutwa. Sare ya shule mwilini, begi limefunguka, madaftari yanadondoka nyuma yake wala hageuki. Akasimama mbele ya benchi langu. Hakuwa analia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, ile sauti ya mtoto wa miaka sita uliyemwacha:

“Dada, mama alikufa lini?”

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia maneno hayo.

“Wewe,” akasema. “Umesema kwenye televisheni.”

Ndiyo, Mama. Nilisema. Kituo cha televisheni kilikuwa kimechukua vipande vya filamu kikatengeneza tangazo, na kipande kimojawapo ni mimi, nimekaa ukingoni mwa kitanda chako, naitazama kamera, nasema, “Mama yangu alikufa nikiwa na miaka kumi na minane. Tangu hapo mimi ndiye mama.” Na machozi yananitoka, Mama, machozi ya kweli kabisa.

Nikueleze ilivyokuwa, si ili unisamehe haraka, bali ujue. Siku ile ya mazungumzo chumbani, Bi Hatupo aliniuliza nilijifunza wapi kazi, nani alinilea, baba yuko wapi. Nikamwambia baba alifariki, na hilo ni kweli. Kisha akauliza mama yuko wapi. Nikasita. Kama ningesema uko mbali unawapikia watu, angeuliza kwa nini hukurudi. Ningelazimika kujibu, na jibu lake sikutaka hata mimi mwenyewe kulisikia. Mama aliyekufa haulizwi maswali. Basi nikakuua, kwa sentensi moja. Na kilichonitisha baadaye ni kwamba ulimi haukunipinda. Neno lilitoka laini kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni miaka yote likingoja kuulizwa.

Mwanao mdogo alipokuwa amesimama pale, aliniuliza swali la pili, baya kuliko la kwanza. Aliniuliza kama barua zako zote hizi nilikuwa naziandika mimi. Nilifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya homa, nikampeleka nyumbani, nikamwaga barua zako kitandani. Nikamwonyesha mihuri ya posta, nikamwonyesha ile yako ya juzi yenye doa la mafuta. Alizishika lakini macho yake hayakuamini. Ndipo nikakupigia simu. Hebu ikumbuke siku ile. Ulipokea ukasema uko salama ila una haraka, chungu kiko motoni. Nilimpa simu mdogo wangu, akasikia “haloo” yako, akaangua kilio. Ulimuuliza analia nini, akasema ni mtihani umemshinda. Hakukuwa na mtihani wowote, Mama. Alikuwa analia kwa kuwa umefufuka.

Alipokata simu hakusema nami mpaka kesho yake. Asubuhi akavaa sare, akasimama mlangoni, akaniambia kwamba haendi shule, anaenda nami. Nikamuuliza wapi. Akasema huko kwa Bi Hatupo, kwa sababu mimi ndiye niliyefundisha mtaa mzima kwamba dumu likivuja baada ya kuzibwa hurudiwa bila malipo. Nilivaa gauni langu zuri.

Ofisi yao iko upande mwingine wa jiji, ghorofa ya tatu, ngazi ambazo goti lako lisingezikubali. Ni chumba kidogo chenye giza, madirisha yamezibwa, na ukutani vioo vinne vya televisheni. Tulipoingia, nilikuwa kwenye vyote vinne, nimefunua mdomo. Bi Hatupo alitukaribisha kwa furaha, akadhani tumekuja kupongeza. Alikuwa na habari njema: filamu imekubaliwa kuonyeshwa nchi za nje. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba mama yangu hajafa.

Mpigapicha, aliyekuwa ameketi kwenye kona, alizima vioo, kimoja baada ya kingine. Nikamweleza kwamba nimesema uongo, kwamba hakuna aliyenituma, na kwamba nimekuja kuomba kipande kile kiondolewe kila mahali kilipo. Alijibu kwa upole lakini bila kunificha. Alisema kipande kile ndicho roho ya filamu. Wale wa nje walimwandikia kwamba walilia pale, si kwenye mtaro wala kwa Sharubu, ni pale. Akikitoa, hajui kama bado wataitaka. Aliniomba nimpe wiki afikirie.

Nilimwambia kwamba wiki sina. Mama yangu anafanya kazi katika nyumba yenye televisheni. Kila siku tangazo lile linapotoka, huenda anasikia kutoka jikoni sauti ya mwanawe ikimzika. Nikamwambia asitafute jinsi ya kunilinda, asiseme amekosea kuhariri. Aniweke mimi mwenyewe mbele ya kamera nikiri kwamba nilidanganya, na kama watazamaji wake ni watu wa kulia, watapata la kulilia humo humo.

Mdogo wangu, ambaye njia nzima alikuwa kimya, hapo ndipo mdomo wake ulipofanya kazi. Alimwambia, “Ulituambia tufanye kama hampo. Lakini mlikuwapo.”

Bi Hatupo aliinamisha kichwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema naye ana kosa. Siku ile nilipoulizwa mama yuko wapi, aliniona nikisita. Kazi hii ameifanya miaka ishirini, anaijua sura ya mtu anayetafuta njia ya kutokea. Hakuniuliza swali la pili kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa zuri mno. Akachukua simu yake, akakipigia kituo palepale mbele yetu. Tangazo liliondolewa siku ile, baada ya kuonyeshwa siku tatu.

Kesho yake walikuja chumbani kwetu. Safari hii nilimtaka mdogo wangu aketi kando yangu, kwa kuwa haya ni yake pia. Na nilichokisema mbele ya kamera sasa nakuandikia kama kilivyo, ili usije ukakisikia kwanza kwenye televisheni ya watu:

“Mama yangu yu hai. Anapika katika nyumba ya watu, safari ya siku mbili kutoka hapa. Alikwenda kwa miezi mitatu baada ya baba kufariki, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Siku anaondoka nilimwambia mlangoni, ukienda usirudi. Mwaka wa pili aliniandikia akaniuliza kama arudi, nami nikamjibu kwamba tuko sawa, akae tu. Hatukuwa sawa. Nilitaka aone kwamba tunaweza bila yeye. Hakututupa. Mimi ndiye niliyefunga mlango, kisha nikalalamika kwamba hayumo ndani.”

Haya mdogo wangu hakuwa anayajua. Miaka yote aliamini kwamba wewe ndiye uliyechagua kukaa huko, na mimi nilimwacha aamini hivyo. Nilipomaliza kusema, alinitazama mpaka mpigapicha akazima kamera mwenyewe bila kuambiwa. Kisha akanishika mkono, huu wenye makovu ya kisu, akaniambia kwamba amenikasirikia na ataendelea kunikasirikia mpaka mwisho wa mwezi. Alihesabu kweli. Tarehe moja akanipikia chai.

Filamu iliyokamilika tuliitazama wiki iliyopita, kama tulivyoahidiwa, katika ukumbi wa shule, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia ya Sharubu hata wote tukatoka na vumbi la mkaa puani. Mtaa mzima ulikuwemo. Kila Sharubu alipotokea ukutani, Sharubu wa kwenye benchi alisimama ili watu walinganishe. Pacha walipita na viatu vyao, ukumbi ukapiga makofi. Mtaro upo, Mama, unaonekana wote, na sisi tumo ndani yake na makoleo, tunacheka na kutukanana. Nilijiona nikiziba dumu na nikasema moyoni, yule mwanamke anaijua kazi yake.

Kisha kikaja kipande changu. Bi Hatupo hakuuficha uongo. Kwanza ameniweka nikisema umekufa, halafu akaniweka tena, na mdogo wangu kando, nikisema ukweli. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitainamisha macho, na sikuinamisha. Watu hawa wananijua, wanakujua, wengine walikusindikiza siku ile na mzigo wako. Niliwasubiri wanihukumu. Aliyesema wa kwanza ni Mama Pacha. Alijifuta macho kwa upande wa kanga, akageuka na kuniambia mbele ya wote, “Basi marehemu aandikiwe barua, ajulishwe kwamba amefufuka.”

Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, nikatoka nje nikalia nyuma ya ukumbi, nikarudi nikaitazama mpaka mwisho. Ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu Mama Pacha amenisimamia.

Wale wa nje wameshajibu. Wanaipokea filamu ilivyo.

Sasa, Mama, neno langu. Sijui kama katika zile siku tatu uliliona tangazo. Kama uliliona, ukanyamaza, ukaendelea kukoroga chungu na kutuuliza habari za mitihani, basi umebeba peke yako mzigo niliokutwisha mimi, na naomba unisamehe. Kama hukuliona, naomba unisamehe pia, maana kosa halipungui kwa kutoonekana. Nimekukosea kwa kukuua kwa neno, na nilikukosea kabla ya hapo kwa kukufukuza kwa barua. La kwanza nimelisahihisha mbele ya watu. La pili nalisahihisha hapa.

Mwaka ule uliniuliza kama urudi. Naomba ulirarue jibu nililokupa, ulichukue hili badala yake: rudi. Sikuiti kwa sababu tuna shida. Kazi yangu inatulisha, tumeongeza chumba cha pili, na mtoto anamaliza shule. Nakuita kwa sababu nakutaka, na mdogo wangu anakutaka, na sitaki tena kuandika kwamba tuko sawa wakati hupo.

Filamu itaonyeshwa kwenye televisheni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa tisa alasiri. Ukiwa bado uko huko, usiitazame kutoka mlangoni na mwiko mkononi. Ingia sebuleni, keti kwenye kiti chao kizuri, uwaambie kwamba yule anayesema ni mwanao. Lakini ningependa zaidi uitazame nasi, kwa kinyozi, tumekuwekea kiti cha mbele.

Mdogo wangu anasema ana yake ya kukueleza, ila hayaandiki, atakueleza uso kwa uso. Sharubu anakusalimu na anauliza kama waajiri wako wameliona koti lake. Kiongozi wa mtaa anakusalimu, na wenzako wote wa zamu ya bombani wanakusalimu, walio hai na waliofufuka. Tunza goti lako njiani, ukae kiti cha mbele penye nafasi ya kunyoosha mguu.

Ukishuka, njia ni ileile. Mlango tu ndio tumeubadilisha, sasa ni wa bati na umepakwa rangi ya bluu, usije ukaupita ukidhani si kwetu. Usibishe hodi, Mama. Kwako hakubishwi hodi.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako